Kivuli Namba Saba

Wanafunzi thelathini waliketi kwenye madawati, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwili. Walikuwa vivuli vya nuru vilivyoumbwa na Darasavuli, mtambo uliofungwa katika chuo cha walimu Songea mwaka 2094. Watafiti waliulisha rekodi za zamani za vipindi vya hisabati, hivyo kila kivuli kilikosea kama alivyowahi kukosea mtoto halisi. Hapo walimu walijifunza kazi bila kumharibu mtoto wa mtu. Mtambo ulihesabu hata sekunde ambazo mwalimu alimwachia mwanafunzi afikiri, kisha ukatoa alama.

Siku hiyo alama zilikuwa za kumpata mkufunzi mkuu, cheo ambacho Mwalimu Edeltruda Mbawala alikisubiri kwa miaka kumi. Alikaa nyuma ya kioo akimtazama mshindani wake, Siwema Ngonyani, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha darasa la tano. Asubuhi Siwema alikuwa amempa shikamoo kwa adabu zote, na hata hiyo adabu ilimuudhi.

Kivuli namba saba, msichana mwembamba, kilisimama. "Nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano."

"Umefikaje hapo?" Siwema aliuliza, akanyamaza. Zilipita sekunde saba nzima.

"Mechi ya kwanza ya netiboli nilirusha mara mbili, nikafunga moja. Ya pili nikarusha mara tatu, nikafunga moja. Jumla nimerusha tano, nimefunga mbili."

"Kwa mabao, uko sahihi kabisa. Sasa chora mkate mmoja. Kata nusu, halafu ongeza theluthi ya mkate uleule."

Msichana alichora, akakunja uso. "Mbona mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu niliyoanza nayo?"

Alama tisini na sita. Wivu ulimshika Edeltruda. Zamu yake ilipofika, kivuli kilekile kilisimama, kikasema mbili ya tano.

"Hapana. Kaa. Mwingine!"

Yalimtoka kabla hajajua. Miaka thelathini alikuwa amesema hivyo, aliyepatia akipigiwa makofi, aliyekosea akikaa. Mtambo ulimpa hamsini na mbili.

"Pole, mwalimu," Siwema alimwambia mlangoni. Pole ile ilimchoma kuliko alama.

Alikwenda moja kwa moja kwa Hyera, fundi wa rekodi. "Yule binti ameiba mtihani. Anamjua yule namba saba, siyo bure! Nionyeshe kivuli kile kilitoka wapi."

Hyera alifungua rekodi. Katika darasa lenye ukuta wa kijani alisimama msichana mwembamba wa miaka kumi, jina lake limeandikwa chini: Siwema Ngonyani. "Mbili ya tano," alisema, akabaki mdomo wazi, kama mwenye la kuongeza. Sauti ya mwanamke ikamkata: "Hapana. Kaa. Mwingine!"

Edeltruda aliitambua sauti yake.

"Baada ya hapo rekodi hazionyeshi mkono wake ukinyooshwa mpaka mwaka ukaisha," Hyera alisema taratibu. "Ni kweli anamjua namba saba, mwalimu. Nikiandika malalamiko, kamati ya uteuzi itaitazama rekodi hii na kumwondoa. Niandike?"

Wivu wa Edeltruda ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo. Alikitaka cheo kile, na alitaka Siwema aanguke. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mdomo uliobaki wazi.

"Usiandike," alisema hatimaye. "Niwashie darasa. Namba saba peke yake."

Msichana wa nuru alisimama mbele yake. "Nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano."

"Umefikaje hapo?"

Akasubiri. Sekunde ya tano. Ya sita. Msichana alimtazama kwa mashaka, mkono mmoja umeshika dawati.

"Mara hii sikai, mwalimu?"