Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Vumbi la vitambaa lilimpigisha fundi chafya kutwa nzima. Ili asisumbuke kuinuka, vidonge vyake vya mzio alivimimina kwenye kopo la vifungo, kando ya cherehani. Bintiye Kidoti, mwenye miaka mitatu, alipouliza ni nini, akamjibu kwa mkato, "Peremende za mama."

Asubuhi hiyo nesi wa jirani alikuja kujaribu gauni lake. Fundi alikuwa na pini mdomoni aliposikia Kidoti akicheka peke yake sakafuni. Mashavu ya mtoto yalikuwa yameiva, na vidole vilikuwa vikidonoa hewani.

"Mama, vipepeo!"

Hapakuwa na kipepeo hata mmoja.

Nesi akamgusa. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka, na moyo ulikuwa ukienda mbio.

"Shoga, mtoto amekula nini?"

Fundi akatazama kopo. Vifungo vya njano vilikuwepo. Vidonge vya njano havikuwepo hata kimoja. Pini zikamdondoka mdomoni.

"Uwii, nimemuua mwanangu!"

"Yu hai. Vilikuwa vingapi?"

"Kama kumi. Nimpe maziwa, dada? Nimtapishe?"

"Usithubutu! Akilegea, matapishi yatampalia. Usimpe chochote. Iko wapi pakiti ya dawa?"

"Kwenye droo."

"Ichukue, twende hospitali. Hata angekuwa anaonekana mzima, tusingengoja."

Nesi alitoka amevaa gauni lililojaa pini, mkono mmoja haujashonwa, wala hakujali. Ndani ya teksi Kidoti alilegea, kisha mwili ukaanza kukakamaa na kutetemeka. Nesi akamlaza kwa ubavu.

"Usimtie kitu mdomoni, wala usimbane. Dereva, kanyaga mafuta!"

Fundi alilia waziwazi, pakiti mkononi.

Daktari aliisoma ile pakiti, akajua mara moja la kufanya. Siku ya tatu Kidoti aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa dawa zinakaa ndani ya pakiti yake, kwenye kabati la juu lenye kufuli. Kopo lina vifungo tu. Juzi Kidoti alilichungulia.

"Mama, peremende zako zimekwisha?"

Fundi akasimamisha cherehani.

"Hazikuwa peremende, mwanangu. Zilikuwa dawa. Mama alikudanganya."