Jina Lililoitwa Angani

Mchana ule tulikula nyama ya sili wa baharini, tukanywa chai, tukamcheka wifi yangu Leetia aliyekuwa akiziatamia betri za kamera kwapani kama kuku. Baridi ya kwetu huua betri upesi. Alitaka picha ya zile taa za kaskazini zinazocheza angani, na kwa kuwa majira hayo jua halichomozi kabisa, hakuhitaji kungoja usiku.

Tulitoka watatu: yeye, mimi, na binti yake wa miaka minne. Mtoto huyo tulimpa jina la marehemu baba yangu, Tulugak, aliyezama chini ya barafu akiwinda. Kwetu mtoto akishapewa jina la marehemu, mwenye jina amerudi. Ndiyo maana nilimwita "baba", naye aliniita "binti yangu" bila hata kucheka. Nilimpenda mno, sifichi.

Taa zilikuwa juu sana, kijani hafifu. Kila picha ilitoka ukungu mtupu.

"Nizipigie mluzi zishuke?" Leetia akauliza.

"Wifi, usithubutu! Zile ni roho za wafu!"

"Mwoga we!"

Akapiga mluzi. Taa zikashuka kidogo, naye akajawa na furaha. Hapo ndipo alipokosea. Akaanza kumtania mkwewe kama alivyozoea enzi za uhai wake.

"We mzee Tulugak! Unamwonea haya mkweo? Shuka nikupige picha!"

Marehemu haitwi angani wakati jina lake limo ndani ya mtoto. Ni kuwaonyesha wafu mahali lilipo.

"Nipo hapa," mtoto akaitika.

Taa zikasimama. Kisha zikaja. Theluji yote ikawa kijani, na juu yetu kukawa na sauti kama ya karatasi inayokunjwakunjwa. Dawa yake ni kusuguanisha kucha, zitaondoka. Kucha zangu zilikuwa ndani ya glavu. Nikaing'ata niivue. Haikutoka. Nikamwona mtoto akiinua uso.

Ghafla taa zikazima. Giza.

"Baba?" nikanong'ona.

Alikuwa palepale, mzima.

"Unamwita nani, shangazi?" akauliza. "Tulugak ameshaondoka."

Hakuwahi kuniita shangazi kabla ya hapo. Leetia alimshika mkono, tukarudi nyumbani, mtoto akitembea mwenyewe.

Kamera ilikuwa imezimika. Ilipopata joto ikawaka, na ndani yake mna picha moja ambayo Leetia anaapa hakuipiga. Imepigwa kutoka juu. Leetia anaonekana ameelekeza kamera angani. Mimi nina glavu mdomoni. Kati yetu kuna viatu viwili vidogo vimesimama juu ya theluji. Hakuna aliyevivaa.

Sasa hivi mtoto amelala chumba cha pili. Anakula vizuri, anacheza, wala hana homa. Asubuhi ataamka aniombe chai, na mimi sijui nimwite nani.