Ubao wa Mavi ya Ndama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kokushubira alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemsaidia: kumnywesha ndama. Ng'ombe wao alikuwa wa kisasa, wa kufugiwa bandani kando ya migomba, na ndama wake hakunyonya. Mama yake, Adventina, alikamua, akamimina maziwa kiasi katika ndoo ndogo, na Kokushubira akaishika ndoo hiyo mpaka ndama alipomaliza kunywa. Baada ya hapo ndoo ilitakiwa kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha ianikwe juani.

Ilitakiwa. Lakini tangu Mwalimu Nestory atangaze maonyesho ya picha, Kokushubira alikuwa na shughuli kubwa kuliko ndoo. Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji hodari wa darasa la sita, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Akili yake yote ilikuwa kwenye picha ya shamba la kahawa aliyokuwa akiichora. Ndoo aliisuuza juujuu kwa maji baridi, siku nyingine hata hayo maji baridi aliyasahau, akaitupia nyuma ya banda na kukimbilia rangi zake.

Mwalimu Nestory alisomea Mwanza. Aliwasimulia kwamba huko jijini alikuwa akizunguka mitaani kutazama kuta zilizochorwa, na kwamba kulikuwa na kumbi ambamo watu waliingia kutazama picha tu.

"Mtu anaingia, anatazama, anatoka, hajanunua hata pipi?" aliuliza Ambrose, mvulana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Hata pipi," mwalimu alijibu. "Mji wetu wa Rubwera si Mwanza, lakini kuta zipo. Ijumaa tutakwenda kuzitazama."

Ijumaa hiyo darasa zima lilitembea kwa miguu hadi Rubwera. Madereva wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria karibu na ofisi za wilaya waliwashangaa wanafunzi waliosimama mbele ya kinyozi wakiandika mambo kwenye daftari. Ukutani kwa kinyozi palichorwa vichwa vitatu vyenye shingo ndefu kupita kiasi. Kwenye duka la dawa alichorwa mtoto aliyelala ndani ya chandarua. Buchani alichorwa ng'ombe mwenye tabasamu pana.

"Ng'ombe gani anacheka buchani?" Kokushubira aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Huyo ambaye hajaambiwa," alisema Mwalimu Nestory, naye akacheka. Kisha akawauliza mchoraji alitaka mpita njia afikiri nini, na wakabishana hapo mpaka mwenye bucha akawaomba wampishe mteja.

Mwisho mwalimu aliwaingiza kwenye ukumbi uliokuwa jirani na soko. Kuta zake zilipakwa chokaa nyeupe, tupu. Hapo, alisema, kila mwanafunzi angetundika kazi yake Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wazazi wangealikwa. Kazi moja ingechaguliwa kupelekwa kwenye maonyesho ya shule jijini Mwanza, na mwenye kazi hiyo angesafiri na mwalimu. Kokushubira alijiona tayari ameketi dirishani ndani ya basi.

Njiani kurudi, kila mmoja alitaja atakachochora. Umutesi peke yake alisema, "Mtaona siku yenyewe."

Umutesi alikuwa mgeni shuleni. Ukoo wao ulitoka Rwanda, na yeye aliishi na bibi yake, Mukandekezi, aliyekuwa akifanya vibarua katika mashamba ya kahawa. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya migomba ya kina Kokushubira. Alikuwa msichana mpole, msema machache. Kokushubira aliona upole huo ni wa mtu anayeficha jambo.

Jumatatu alfajiri alipata sababu. Alipofika bandani na ndoo yake, alimwona Bibi Mukandekezi ameinama kwenye kona ya ndama. Alikuwa akizoa mavi ya ndama kwa mkono na kuyaweka kwenye jani la mgomba. Alifunga jani vizuri kama mtu anayefunga nyama, akaondoka kupitia migombani bila kumwona mtoto.

Kokushubira aliweka ndoo chini. Samadi ya ng'ombe watu huomba, kwa ajili ya mashamba. Lakini mavi ya ndama, kifurushi kidogo, kwa siri? Alimwangalia ndama. Mnyama alisimama kinyonge, mkia umelowa. Alikuwa akiharisha.

Kwa kweli alikuwa ameanza kuharisha tangu jana yake, na Kokushubira alikuwa amemwona. Hakumwambia mama, kwa sababu swali la kwanza la mama lingekuwa kuhusu ndoo. Sasa hapo alfajiri moyo ulimdunda, halafu ukatulia kwa namna ya ajabu. Alikuwa amempata mtu wa kubeba lawama.

Shuleni alimvuta Ambrose pembeni. "Usimwambie mtu. Bibi yake Umutesi anachukua mavi ya ndama wetu. Na ndama anaumwa."

Kumwambia Ambrose usimwambie mtu ni sawa na kumpa kipaza sauti. Kufika mapumziko, bibi alikuwa amezoa mavi ya nyumba tatu. Kufika saa ya kwenda nyumbani, alikuwa akiyachanganya na majivu na masizi huku akitaja majina ya watu. Habari ya majivu na masizi ilikuwa kweli, maana mchana Ambrose alichungulia uani kwa kina Umutesi akaviona vibakuli. Hilo la majina aliliongeza mwenyewe, ili habari isipoe.

Tangu hapo Kokushubira alimchunguza Umutesi kwa jicho kali. Alitazama kucha zake: zilikuwa na weusi. Alipopita karibu naye alivuta pumzi kunusa. Wasichana walihama kwenye dawati lake mmoja mmoja, na Umutesi akabaki peke yake akitazama ubao bila kuuliza kitu. Mtu asiye na hatia si angeuliza? Kokushubira alijiambia hivyo, na akazidi kuamini.

Alhamisi mama alimwita bwana mifugo. Kokushubira hakujua nani amemwambia mama juu ya ndama. Bwana mifugo, jina lake Polikarpi, alimpima ndama, akampa dawa, kisha akasema, "Nileteeni ndoo anayonyweshewa."

Ikaletwa. Akaingiza pua, akaitoa upesi. Alipitisha kidole ndani yake, kikatoka na utando wa maziwa yaliyoganda.

"Nani anaiosha hii?"

"Mimi," alisema Kokushubira. "Naiosha kila siku."

"Kwa maji ya moto na sabuni?"

"Ndiyo, shikamoo," alijibu, akasalimia mahali pasipo na salamu kwa jinsi alivyobabaika.

Polikarpi alimtazama. Alimweleza mama kwamba ndama angecheleweshewa dawa siku moja zaidi angekufa, na kwamba ndoo ichemshiwe maji leo hiihii. Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kokushubira alitazama migomba. Moyoni alijisemea kwamba ndoo chafu kidogo haiwezi kumwangusha ndama, lazima kuna mkono wa mtu. Lakini safari hii hakujiamini vizuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Picha ya shamba la kahawa ilitundikwa karibu na mlango, na watu waliisifu. Umutesi na bibi yake walifika wamebeba ubao mpana uliofunikwa kwa kanga. Walipoufunua, watu waliacha picha nyingine wakasogea.

Ilikuwa picha isiyofanana na nyingine yoyote humo ndani. Mistari ya mapambo ilitokeza juu ya ubao kama matuta ya shamba, ikapinda na kukutana, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Ukiitazama kutoka mlangoni ilionekana kama inatembea. Kokushubira aliitazama na mara moja akajua kuwa ni nzuri kuliko yake. Wivu ulimchoma.

"Imetengenezwa na nini?" aliuliza Mzee Eliud, baba yake Ambrose, mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Mavi ya ndama na majivu, waitu," alijibu Bibi Mukandekezi kwa neno la heshima la wenyeji. "Tunaita imigongo. Nyeusi ni masizi. Kwetu mama zetu walipamba nayo kuta za nyumba. Mistari yote ameipanga Umutesi, mimi nimemfundisha mkono tu."

Lilipotajwa neno mavi, minong'ono ilienea ukumbi mzima. Ambrose alimnong'oneza baba yake. Mzee Eliud alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi sisemi kitu," alisema, ingawa alikuwa akisema. "Lakini watu wana wasiwasi. Kuna ndama wa watu anaumwa. Ubao huu utoke nje kwanza, mpaka tujue vizuri."

"Mzee, hii ni kazi ya mwanafunzi," Mwalimu Nestory alipinga, lakini wazazi wawili watatu walikuwa wameshasema utoke.

Bibi Mukandekezi hakubishana. Aliokota kanga yake, akaanza kuufunika ubao taratibu, kama mtu aliyewahi kufukuzwa mahali pengine kabla ya hapo. Umutesi aliushika upande wa pili. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Kokushubira aliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba ule ubao ukitoka nje, safari ya Mwanza ni yake, na ule utando wa maziwa kwenye kidole cha bwana mifugo. Alimwona mama yake upande wa pili wa ukumbi akimtazama, anangoja.

"Ndoo ni yangu!" alipaza sauti.

Watu waligeuka.

"Ndama anayeumwa ni wetu. Aliumwa kwa sababu sikuosha ndoo. Nilimdanganya bwana mifugo. Na maneno juu ya bibi niliyaanzisha mimi, nikamwambia Ambrose." Alipofika hapo akalia waziwazi mbele ya wote.

Mama Adventina akaja katikati. "Sasa na mimi niseme," alisema. "Huyu mama alikuja kwangu kuomba mavi ya ndama. Nikamwambia achukue kila alfajiri, na akaniomba nisiwaambie watoto, maana mjukuu wake alitaka kuwashtukiza wenzake. Jumatano alikuja kunigongea. Aliniambia, 'Mavi ya tangu juzi hayashiki kwenye ubao. Ndama wako anaharisha, mwite daktari.' Mtoto wangu aliona akanyamaza. Aliyemponya ndama wangu ni huyu mnayemtoa nje."

Mzee Eliud alikohoa, akavua kofia. "Mama, utusamehe," alisema, kisha yeye mwenyewe akashika ubao kwa mikono miwili na kuuinua ukutani. Alipomtafuta Ambrose amletee nyundo, Ambrose alikuwa amejificha nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza bila neno.

Jioni Mwalimu Nestory alitangaza kwamba ubao wa Umutesi ndio utakaokwenda Mwanza. Watu walipiga makofi. Kokushubira naye alipiga, ingawa ilimuuma, kisha akamfuata Umutesi pembeni.

"Nisamehe," alisema. "Na bibi nitamwomba msamaha pia."

Umutesi alimtazama bila kutabasamu. "Ungeniuliza."

"Ungeniambia?"

"Nisingekuambia, ilikuwa siri. Lakini ungeniuliza." Alivuta kamasi. "Nilikaa dawati zima peke yangu wiki nzima, Koku."

Jumatatu Kokushubira alihamisha mkoba wake na kuketi kwenye dawati hilo, na siku mbili za mwanzo Umutesi hakumsemesha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, walipokuwa wakirudi nyumbani kupitia migombani, mama alitembea mbele mpaka walipofika karibu na banda. Hapo akasimama.

"Leo umesema kweli mbele ya watu, na nimefurahi. Wengi wa umri wangu hawawezi. Lakini sikiliza, mwanangu. Ndoo chafu ulikuwa nayo mkononi kila siku, hukuiona. Bibi wa watu alikuwa gizani, mbali, ukamwona mpaka vidole. Macho ni yaleyale. Siku nyingine ukianza kumshuku mtu, kwanza jiulize ni kitu gani chako mwenyewe hutaki kukitazama. Kisha nenda ukamuulize huyo mtu, kwa mdomo wako, kabla hujamwambia Ambrose."

Kokushubira aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingia jikoni kuteleka maji.