Baba Mkwe Hakuwemo Garini

"Fungeni vioo," Yakobo alisema. "Vumbi la huku linaingia mpaka kwenye mapafu."

"Vumbi gani?" Janeth akauliza. "Barabara nzima ni tope."

Yakobo alibonyeza vioo vyote vikapanda, akakanyaga mafuta. Gari lake aina ya Noah lilikuwa na wageni sita kutoka Dar es Salaam, na mbele yake, pale barabara inapoingia Lyulilo, kijiji cha wafinyanzi jirani na Matema, aliwaona wanawake wamesimama na vitenge vyao vya kanisani. Aliyetangulia mbele yao, mkono juu, alikuwa Lusungu, mchumba wake.

Walikuwa wanamsubiri yeye.

Wazo lilianzia kwa Yakobo mwenyewe, dereva wa watalii. Kila Pasaka watu wanamiminika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mpaka pa kukanyaga hapapatikani. Wanapiga picha kwenye majengo ya kale ya misheni, wanaoga ziwani, wanalala kwenye hoteli za ufukweni na kula vyakula vilivyoletwa kwa maboksi kutoka Mbeya. Wakiondoka, wenyeji wanabaki kuokota chupa. Ndipo Yakobo akamwambia Lusungu: "Mwaka huu wageni wangu watalala kwenu. Watakula kwenu, watajifunza kufinyanga kwenu. Mji ni wenu, na nyinyi mpate."

Lusungu alipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wafinyanzi wenzake. Wakakandika kuta upya, wakaazima magodoro, wakapika wali na samaki aina ya mbasa wa kutosha ukoo mzima.

Kilichoharibu kilitokea njiani, Ipinda. Winnie, mdogo kuliko wageni wote, aliuliza, "Kaka Yakobo, huko tunakokwenda choo ni cha kukaa?" Wenzake wakacheka. Katika kicheko kile Yakobo akakiona choo cha mama mkwe wake, mlango wake gunia. Akamwona Lusungu na udongo mpaka kwenye viwiko. Haya ikampanda mpaka masikioni.

"Bahati mbaya nyumba za wenyeji zimejaa," alisema. "Sikukuu. Nimewatafutia hoteli nzuri."

Lakini Janeth, aliyekuwa mkubwa wa msafara, akataka angalau walione gulio la vyungu la Jumamosi. Ndiyo maana sasa walikuwa wanapita hapa, vioo juu, kama watu wanaoangalia televisheni.

Alimpita Lusungu kwa umbali wa mkono. Kisha akatazama kioo cha pembeni, akitegemea kuona ngumi au kusikia tusi.

Hakuona ngumi. Lusungu alivuta kanga akafunika kichwa chote, akageuza mgongo, akakimbilia nyuma ya rundo la vyungu na kuchuchumaa kwenye tope, uso chini.

Yakobo alielewa papo hapo. Afadhali angetukanwa.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Akimkuta njiani anapinda, asipopata pa kupinda anajificha. Jina lake halitamki. Wengi siku hizi wameacha, lakini si nyumbani kwa Mzee Ebeneza, baba yake Yakobo, mkulima wa mpunga wa Ngonga. Lusungu ni Mkisi, kabila jingine, na kwao hawakazii mila hivyo, ila tangu posa ipokelewe alifundishwa na mashangazi wa Yakobo, na alijifunza kwa moyo. Sasa mchumba wako anapita bila kusimama, vioo amepandisha. Utafikiri nini? Lusungu alifikiri kitu kimoja tu: baba mkwe yumo.

Walipofika hotelini simu ikalia. Ujumbe:

"Pole mume wangu. Nimejua baba yumo. Nimejificha vizuri? Hajaniona? Kina mama walitaka kukutukana nikawaambia nyamazeni, ana baba mkwe wangu. Chakula tunatunza. Mzee akipumzika uje na wageni."

Yakobo akaandika: "Lusu, baba hayumo." Akaufuta. Akaandika: "Hajakuona. Asante." Akatuma haraka, kabla moyo haujamkataza.

Jioni Lusungu akapiga.

"Mnakuja saa ngapi?"

"Wageni wamechoka, Lusu."

"Wote?"

"Wote."

Nyuma yake ikasikika sauti ya Angetile, mfinyanzi mwenye ulimi kuliko wote Lyulilo: "Mwambie wali haujui mambo ya baba mkwe! Unachacha tu!" Wanawake wakaangua kicheko.

"Usimsikilize," Lusungu alisema. "Baba amekula nini huko? Nimletee mbasa wa kuchoma, nimwachie mlinzi getini."

"Usisumbuke. Baba ameshaondoka. Amepata dharura, amerudi Ngonga."

"Amekasirika? Kwa sababu nilisimama barabarani?"

"Hapana."

"Yakobo, niambie kweli."

"Nimekwambia hapana."

Simu ilipokatika alikaa garini gizani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, na ndevu, na leseni ya daraja la abiria, na alijiona mdogo kama siafu.

Jumapili, watu wametoka kanisani, baba yake akapiga.

"Yakobo."

"Naam, baba. Ibada ilikuwa njema?"

"Mimi niko wapi?"

"Baba?"

"Nakuuliza wewe dereva. Mimi niko wapi?"

"Uko… uko nyumbani, baba."

"Mbona bodaboda ameniletea samaki kwenye majani ya mgomba, na salamu kwamba mkwe wangu anaomba radhi alisimama njiani gari langu likipita? Gari langu lipi? Tangu Ijumaa Kuu niko shambani nafukuza ndege kwenye mpunga. Sauti yote imeniisha."

"Nitakueleza, baba."

"Mimi usinieleze. Umenichukua ukaniweka kwenye gari bila mwenyewe kujua, halafu mtoto wa watu akachuchumaa kwenye tope kwa heshima yangu. Kesho asubuhi nakuja Lyulilo."

"Baba, huwezi kwenda kwake. Ni mwiko."

"Mwiko ni kuonana. Kuzungumza kupitia kwa mtu wa katikati si mwiko."

"Mtu gani?"

"Wewe," mzee akasema, akakata.

Jumatatu asubuhi Yakobo alimfuata Janeth mezani, wageni wakinywa chai. Alisema akiwa amesimama, macho kwenye birika.

"Mama, nyumba za wenyeji hazikujaa. Niliwadanganya. Wale wanawake barabarani walikuwa wanawasubiri nyinyi."

Janeth akaweka kikombe chini. "Sisi?"

"Walipika. Walitandika. Niliona… niliona mtadharau. Choo ni cha shimo."

"Mimi nimezaliwa Singida vijijini," Janeth alisema. "Unadhani tulikuwa na choo gani? Nilikuomba kwa simu mara ngapi kwamba tunataka kulala kwa wenyeji, tuwaachie wao chochote tulicho nacho?"

"Lakini Winnie aliuliza…"

Winnie akavuta suruali yake mpaka juu ya goti. Palikuwa na kovu refu, bado jekundu. "Nimefanyiwa upasuaji, kaka. Siwezi kuchuchumaa bila kushikwa mkono. Ndiyo maana niliuliza."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yakobo alitaka ardhi immeze pale pale, yeye na lile birika.

"Tutembee," Janeth akawaambia wenzake. "Winnie apande bodaboda. Garini kwake sipandi tena mpaka nimewaona hao mama."

Yakobo alitangulia. Alipofika uani kwa Mama Veronika, mama yake Lusungu, alimkuta baba yake ameshafika. Mzee Ebeneza alisimama mbali kidogo, ameipa nyumba mgongo, uso ameuelekeza ziwani, fimbo mkononi. Lusungu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Wanawake walikaa ukutani, Angetile akiwa katikati yao kama hakimu.

"Ugonile, mama," Yakobo alimsalimu Mama Veronika.

Mama Veronika akatikisa kichwa tu.

"Simama hapo katikati," mzee alisema bila kugeuka. "Mwambie mkwe wangu: ndaga fijo kwa samaki."

Yakobo akageukia pazia. "Baba anasema asante sana kwa samaki."

"Mwambie baba asante kwa kupokea," sauti ya Lusungu ikatoka ndani, laini. Alikuwa bado hajajua kitu.

"Baba, anasema asante kwa kupokea."

"Mwambie sikuwemo garini."

"Baba… anasema…"

"Paza sauti!" Angetile akasema. "Sisi wengine tumezeeka masikio."

"Baba anasema hakuwemo garini."

Ndani kukasikika kigoda kikisukumwa.

"Mwambie," mzee akaendelea, "alijificha kwa heshima, na aliyestahili heshima hiyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwanangu, na aliona haya kusimama."

"Baba anasema sikusimama kwa sababu gari lilikuwa na…"

"Sema nilivyosema!"

"…kwa sababu niliona haya."

Pazia likatikisika kidogo. Lusungu aliposema tena, sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Mwambie baba amuulize mwanawe: aliona haya ya nini?"

Yakobo akamgeukia baba yake. "Baba, anasema umuulize… umuulize mwanao aliona haya ya nini."

"Sijui mimi," mzee akajibu, bado akitazama maji. "Ngoja nimuulize. Yakobo, uliona haya ya nini?"

Mwanamke mmoja akacheka kidogo, akajiziba mdomo.

"Ya choo," Yakobo alisema. "Ya nyumba. Ya… mikono yake ikiwa na udongo."

"Usiniambie mimi. Mpelekee mwenyewe."

Akageuka. Pazia lilikuwa kitambaa chepesi cha maua, na aliweza kuona kivuli chake. "Ya choo, Lusu. Ya nyumba. Ya mikono yako." Kisha akamalizia mwenyewe, bila kutumwa na mtu. "Niliona haya kwa ajili yako. Na ulipojificha nikaacha uamini baba yumo, kwa sababu ilinifaa."

"Mikono hiyo hiyo uliyoishika siku ya posa ukasema haina mfano!" Angetile akafoka. "Au siku ile uliinawisha kwanza?"

"Mwache, Ange," Lusungu alisema ndani. "Yakobo, mwambie baba hivi. Jumamosi niliwaambia hawa mama zangu kwamba mume wangu ana adabu. Nilimtetea nikiwa nimechuchumaa kwenye tope, mbele ya soko zima. Tope halikunitia haya. Haya imenishika sasa hivi, hapa ndani, kwa vile nilivyomtetea."

Yakobo alijaribu kusema. Alifika "nikiwa nimechuchumaa" na sauti ikakatika. Baba yake akamsubiri. Wanawake wakamsubiri. Alifuta pua kwa mkono akarudia tangu mwanzo, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Kuna lingine?" mzee akauliza taratibu.

"Lipo," Lusungu akajibu. "Mwambie: baba mkwe nimempata. Mume bado sijampata."

Yakobo akalipeleka hilo nalo.

Mzee Ebeneza alipiga fimbo chini mara moja. "Mwambie amesema kweli. Posa ibaki ilipo. Harusi iwe siku atakayotaka yeye, na asipotaka, sitamlaumu. Na mimi mwenyewe nawaomba radhi hawa mama kwa chakula kilichopotea kwa jina langu." Kisha akaondoka kwa njia ya ufukweni, hakugeuka hata mara moja, ili mkwe wake apate kutoka.

Hapo ndipo wageni walipoingia uani, viatu vimejaa tope, Winnie akishuka kwenye bodaboda kwa shida. Lusungu akatoka. Macho yalikuwa mekundu, mikono ina udongo uliokauka. Alikuwa ameanza kufinyanga tangu alfajiri. Hakuificha.

"Huyu dada ndiye nani?" Janeth akamuuliza Yakobo kwa makusudi kabisa.

Yakobo alitazama chini, kisha akainua uso. "Anaitwa Lusungu. Ni mfinyanzi. Hapa ni kwao. Ni mchumba wangu, kama bado ananitaka."

"Hilo hajajibiwa," Lusungu aliwaambia wageni. "Karibuni sana. Chakula cha Jumamosi tuliwapa nguruwe, mtatusamehe. Leo tutapika kingine, mkitaka kusaidia kuchambua mchele mtasaidia." Akamkaribia Winnie, akalitazama goti lake. "Wewe dada, choo chetu ni cha shimo. Nitakushika mkono."

"Nashukuru," Winnie akasema. "Ndicho nilichokuwa nahitaji tu."

Wageni wakaketi na wanawake. Janeth akapewa ungo, akaushika kwa ustadi mpaka Angetile akamtania kwamba ni Mkisi aliyepotea. Yakobo alibaki amesimama pale pale katikati ya ua, hana wa kumtuma neno wala wa kumpelekea.

Lusungu akapita, akamwekea ndoo mbili miguuni. "Maji hakuna."

Kijana wa Kinyakyusa kuchota maji, kazi ya wanawake, mbele ya mama mkwe, wageni na kijiji kizima, jambo hilo si dogo. Yakobo aliinama akazichukua. Alishuka ziwani kati ya akina mama waliokuwa wanafua, wakampisha huku wakibana kicheko. Alipanda tena, maji yakimlowesha suruali, akayamimina yote kwenye pipa la jikoni.

Lusungu alichungulia ndani ya pipa. Akamtazama yeye usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Haitoshi," alisema.

"Maji?"

"Na maji pia. Nenda tena."

Yakobo akaziokota zile ndoo, akashuka tena ziwani.