Mkanda wa Saa ya Shigela

Kila asubuhi nyumbani kwetu Igoma mambo ni yale yale. Mimi nafagia uwanja, nawasha jiko, napika uji. Mume wangu Shigela anakaa kwenye kigoda anaangalia mkono wake. Uji unapoa, yeye anaangalia saa.

Saa hiyo inahesabu hatua. Binti yetu Odeta alimnunulia baada ya nesi wa zahanati kumpima na kumkuta na presha ya juu. Nesi alimwambia anywe dawa, apunguze chumvi, na atembee kila siku. Tuliogopa. Kaka yake Shigela, Chenge, alipooza upande mmoja mwaka jana kwa presha hiyo hiyo. Mpaka leo analishwa kwa kijiko huko Magu.

Basi Shigela akaanza kutembea. Nikamshukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema.

Wiki ya tatu nikamwona amevaa shati la mikono mirefu, na jua linawaka. Nikampandisha mkono wa shati. Chini ya mkanda wa saa ngozi ilikuwa na vipele, na mahali pengine imechubuka.

"Baba Odeta, hii saa huwa unaivua lini?"

"Siivui. Nikiivua, hatua zinafutika."

"Hata ukioga?"

"Naoga nayo. Nalala nayo."

Mtu mzima huyo. Ni fundi wa mageti, anapima vyuma vya watu mara mbili kabla ya kukata. Lakini jambo la saa hakumuuliza mtu.

Akasema kosa ni la mkanda, kwa sababu ni wa mpira. Akaenda kwenye karakana yake, akachukua mabaki ya chuma, akajitengenezea mkanda wa mnyororo. Akarudi nao anatamba. Ulikuwa mzito, ungeweza kumfunga ndama.

Siku tatu tu. Mnyororo ukamnyofoa vinyweleo. Akichomelea, unapata moto. Vipele vikaongezeka. Akaitupa saa kabatini, na kutembea akaacha.

"Bila saa nitajuaje nimetembea?" akaniuliza.

Hapo hasira zilinipanda. "Miguu yako haijui? Chenge analishwa, Shigela. Unataka na mimi nianze kukulisha?"

Kesho yake nikaichukua saa, nikamchukua na mwenyewe, mpaka kwa Leonsia, fundi saa pale karibu na soko.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," tukaitikia.

Leonsia hakuanza na saa. Alianza na mkono.

"Mkono huu usivae kitu mpaka upone," alisema. "Pakianza kutoa maji au usaha, nenda zahanati. Kwa sasa vaa mkono wa kulia. Mkanda wa kwanza ulikuwaje?"

"Wa mpira," nikasema. "Anaukaza mpaka mkono unabaki na alama."

"Mpira si mbaya. Haunyonyi jasho, na unaosheka. Lakini jasho, sabuni na vumbi la chuma vinakaa chini yake. Usipovua ukaosha na kukausha, ngozi inaungua."

"Je, ngozi ya ng'ombe?" Shigela akauliza. Msukuma hawezi kusahau ng'ombe.

"Inapendeza kanisani, baba. Kwa mtu anayetoka jasho kama wewe, inalowa, inanuka, na haikauki upesi." Akanyanyua ule mnyororo. "Na huu nani katengeneza?"

"Mimi."

"Umeuchomelea vizuri sana."

Shigela akatabasamu.

"Utafaa kufungia geti," Leonsia akamaliza. "Chuma kinashika joto na kinapitisha umeme. Tena vyuma vingine vinawasha ngozi. Ukiwa unachomelea, vua saa kabisa."

Akatoa mkanda wa kitambaa, mwepesi, wa kubandika na kubandua. "Huu unapitisha hewa. Unaulegeza unavyotaka. Kidole kimoja kipite chini yake. Ila unanyonya jasho, kwa hiyo chukua miwili. Mmoja ukifuliwa, vaa mwingine. Usivae mkanda mbichi."

"Na hatua zangu nikivua?"

"Hazifutiki, baba. Zinabaki ndani ya saa."

Shigela akatazama chini. Wiki zote zile alioga na saa bure.

Ngozi ilipona baada ya siku kumi. Akarudi barabarani. Alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka, na nesi akamwambia asiache dawa wala kutembea. Siku hizi mkanda mmoja uko mkononi, mwingine uko kwenye kamba kati ya kanga zangu. Ule mnyororo unafunga banda la kuku.

Jumapili tulikwenda Magu. Shigela akamlisha kaka yake uji, kijiko kwa kijiko, kwa ule mkono wenye saa. Chenge akaugusa mkanda kwa mkono wake mzima.

"Kidole kimoja kipite chini yake," Shigela akamweleza, utadhani yeye ndiye fundi saa.

Nikamwacha aseme. Macho ya Shigela yalikuwa yamejaa machozi.