Kiti cha Babu Shimo Hakikuwa Kitupu

Weka mkono kifuani, uape. Sema: nikilitoa neno hili, ulimi wangu uote malengelenge. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya Bi Sindano, mshona mavazi wa jumba la maigizo, na ulimi wangu ni huu hapa, mzima, hauna hata kipele. Kwa hiyo sogea, maana mtama naumwaga, na kuku ni wengi.

Kisa chenyewe kilianza na miwani.

Kwanza ujue jumba lile lilivyo. Mbele ya jukwaa, katikati, sakafu imekatwa shimo la kutosha mtu mmoja. Juu yake kuna kibanda cha mbao kama gamba la kobe, kimewapa watazamaji kisogo. Humo ndani huwa pana kiti, taa ndogo ya utambi, na kitabu cha mchezo. Anayekaa humo ni mnong'onezi. Mwigizaji akisahau neno, yeye humrushia kwa chini chini, mchezo ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Mnong'onezi wa pale alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi, wakimwita Babu Shimo.

Na kazi ile ina miiko yake. Sauti ya mnong'onezi humfikia mwigizaji peke yake. Siku ikifika kwa watazamaji, mnong'onezi anafunga kitabu, anainuka, na hakai tena kwenye kiti kile. Mwiko wa pili: kiti kisipokuwa na mtu, kitabu hufungwa. Hakiachwi wazi hata dakika moja. Kwa nini? Waliokuwa wakijua walishazikwa, waliobaki walifuata tu.

Basi Jumatatu moja mchana wako mazoezini. Mwigizaji mkuu, mwanamke waliyemwita Chiriku kwa namna ulimi wake ulivyokuwa mwepesi, akasahau neno. Shimo likampa. Akaendelea. Nani ashtuke, na kibandani hauonekani uso wa mtu? Ila Bi Sindano, aliyekuwa pembeni akipindia upindo wa gauni, alinusa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Akainua macho. Kwenye msumari ukutani ilining'inia miwani ya Babu Shimo, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi mweusi, uzi aliomfungia yeye mwenyewe. Na mzee yule bila miwani hasomi hata kibao cha msalani.

"Labda kakariri," akajisemea, akarudi kwenye upindo wake.

Sasa nikwambie habari za Chiriku. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka sita, wakimwita Kidoti kwa ajili ya baka dogo shavuni. Baba wa mtoto alishakwenda zake, hatutamtaja, tusimpe sifa. Chiriku aliamka alfajiri, akamwachia mtoto bibi yake, asubuhi akafanya mchezo wa watoto wa shule, mchana mazoezi, jioni mazoezi tena. Siku arobaini bila kupumzika hata moja. Alikula amesimama. Usingizi aliulala kwa zamu, jicho moja moja.

"Mwanangu, mwombe Mwongozaji siku mbili ukalale," Bi Sindano alimwambia akimpima kiuno. "Gauni hili nimelipunguza mara tatu. Nikilipunguza tena nitabaki na leso."

"Mama, nikilala nafasi inakwenda. Yule msichana wa akiba humwoni anavyosimama nyuma ya pazia akitafuna maneno yangu? Ananingoja nichoke tu."

"Na wewe umechoka."

"Nimechoka, lakini nani ameniona?"

Mficha maradhi, unajua mwenyewe kilio humfanya nini.

Mwongozaji wa mchezo alikuwa mtu wa suruali iliyonyooka na maneno matamu. Ukimwambia unaumwa, anakushika bega: "Sanaa ni sadaka, dada yangu. Tujikaze kidogo." Kila mchana wenzake wakienda kula, yeye hubaki ukumbini peke yake. Anakagua taa, alisema.

Wiki ile Chiriku akaanza kupoteza vitu. Kitambaa chake cha kujifutia jasho. Kisha kikombe chake. Kisha utepe wa nywele wa Kidoti, aliokuwa akiufunga mkononi ili amkumbuke mtoto kazini. Na kila kitu kilipopotea, mazoezi yalikwenda vizuri ajabu. Hakupotewa na neno hata moja. Shimo lilimpa hata kabla hajasahau.

Lakini nje ya jukwaa mambo yakawa mengine. "Mama, nipe ile... ile ya kunywea." "Kikombe?" Wakacheka wote, hata yeye. Kesho yake hakujua funguo zinaitwaje. Keshokutwa alisimama mlangoni mwa jumba robo saa, hajui kwao ni kushoto au kulia. Hapo hakuna aliyecheka.

Jumatano ya wiki ya pili, mchana, bibi akamleta mtoto amsalimie mama yake. Kidoti akaja mbio, mikono wazi. Chiriku akainama, akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto wa jirani mpya.

"Hujambo, mtoto mzuri. Unamtafuta nani?"

Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka. Kisha akamtazama mama yake machoni, na kicheko kikakatika. Bibi akaweka kikapu chini.

Siku ile ile Bi Sindano akafunga safari hospitali, maana alikuwa amesikia kwa mfagizi kwamba Babu Shimo amelazwa. Akamkuta mguu umefungwa plasta, umeinuliwa juu kwa kamba.

"Umeanguka lini, kaka?"

"Jumapili, leo siku ya kumi. Ngazi za nyumbani. Nilimpigia simu Mwongozaji siku ile ile, akasema nisijali, watasimamisha mazoezi mpaka nipone."

Bi Sindano akakaa kitandani bila kuombwa. "Hawajasimamisha. Na shimo linasema." Akamweleza yaliyompata Chiriku kwa mtoto wake.

Kikohozi cha mzee kilikatika.

"Kitabu kiliachwa wazi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Mfagizi anasema Jumatatu ile Mwongozaji alifika mapema, akapiga kelele ukumbini peke yake. Akasema, aliyepo yeyote na akae, kazi haiwezi kungoja mguu wa mtu."

"Amekikaribisha," mzee akanong'ona. Akamshika Bi Sindano kifundo cha mkono. "Sikiliza, dada. Kile hakitoi bure. Kinatoa neno, kinachukua neno. Na hakichukui kwa mtu mpaka kipewe kitu cha mtu huyo. Kuna anayekilisha. Kikimaliza vya mama, kitaomba cha mtoto. Kikishapewa cha mtoto..."

"Usimalize."

"Simalizi. Lakini kimekaa kwenye kiti cha mnong'onezi, kwa hiyo kimefungwa na mwiko wa mnong'onezi. Ukumbi wenye watazamaji ukikisikia, lazima kiondoke. Mwambie Chiriku asiseme. Kikimpa neno, asilichukue. Kitapandisha sauti. Hakiwezi kuvumilia ukimya."

Alipotoka hospitali, Bi Sindano hakwenda nyumbani. Alirudi jumbani saa kumi alasiri, kati ya mazoezi ya mchana na ya jioni, jua linawaka nje, na kwa kuwa ukumbi wa maigizo hauna dirisha mchana wake na usiku wake ni kitu kimoja, akatembea akipapasa viti mpaka jukwaani, akapanda, akapiga magoti mbele ya kibanda kile, na harufu ya utambi ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, akainama aone angalau unyayo, angalau kivuli, akaona kiti kimesogezwa kama mtu anavyosogeza akitaka kukaa vizuri, akaona kitabu kiko wazi, na akiwa bado anatazama, ukurasa ukajifunua wenyewe, taratibu, kama unaofunuliwa na kidole kilicholowa mate, na kutoka chini, kwa sauti ya Babu Shimo lakini bila kikohozi, kitu kikamwambia: "Umesahau nini, mama?"

Alikimbia akaacha kiatu kimoja. Hicho cha kwake alikikuta kesho yake pale pale alipokiacha.

Bi Sindano akangoja ukumbi ujae. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya onyesho la kwanza, saa tisa mchana, watu mia tatu, wageni wakubwa safu ya mbele. Asubuhi Kidoti na bibi yake walikaa chumba cha kuvalia, mtoto akivua na kuvaa viatu vyake vyekundu vyenye ua la plastiki. Ulipofika wakati wa kwenda kukaa ukumbini, kiatu kimoja hakikuonekana. Walitafuta chini ya meza, ndani ya masanduku. Hakuna.

Bi Sindano akamvuta Chiriku nyuma ya nguo zilizotundikwa, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Unaniambia nijizike," Chiriku akasema. "Bila lile mimi sina hata neno moja, mama. Nitasimama pale mbele za watu kama mwiko wa ugali ukutani. Miaka kumi na miwili ya kazi itakwisha leo."

"Ikwishe."

"Wewe hujui kusimama pale bila neno. Ni kama kuvuliwa nguo."

"Nimewavika watu miaka thelathini, najua uchi ni nini. Mwanangu, yule mtoto safu ya pili ni wa nani?"

Chiriku akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Akatazama muda mrefu. "Sijui," akasema, na akaanza kulia. "Lakini nikimtazama kifua kinauma."

"Basi nyamaza kwa ajili ya hicho kinachouma."

Pazia likafunguka. Chiriku akatembea mpaka katikati, akasimama. Neno la kwanza lilikuwa lake. Hakulisema.

Shimo likampa, chini chini. Akafumba midomo. Likampa tena. Jasho likamshuka shingoni. Watazamaji wakakohoa, viti vikalia. Nyuma ya pazia Mwongozaji akapunga mikono, akauma meno, akaonyesha ngumi. Chiriku hakugeuka. Msichana wa akiba alikuwa ameacha kutafuna.

Shimo likasema kwa nguvu zaidi. Safu ya kwanza wakatazamana. Likasema tena, na sasa sauti haikuwa ya mzee tena, ilikuwa ya watu wengi waliobanwa kwenye koo moja, ikalirudia neno lile lile, ikalirudia, taa za jukwaani zikififia na kuwaka na harufu ya utambi ikishuka kwenye viti kama moshi usioonekana, mpaka mzee wa safu ya mwisho, ambaye husikia kwa kifaa, akasimama na kuuliza kwa sauti kubwa: "Ni nani huyo anayesema?"

Ukumbi ulikuwa umesikia.

Mwongozaji yeye hakuwa na habari za mwiko. Alijua kitu kimoja tu: kikisumbua, kina njaa. Akatoka pembeni, mbele ya watu mia tatu, anatambaa kwa magoti na suruali yake iliyonyooka, mkono mmoja umeficha kitu kwenye koti. Akafika kibandani. Akaingiza mkono mtupu shimoni akipapasa, na kwa mkono wa pili akatoa kile alichokificha.

"Bibi!" mtoto akapiga kelele safu ya pili. "Kiatu changu! Yule ana kiatu changu!"

Mwongozaji akarusha kichwa nyuma. Mkono wake mtupu ulikuwa umeshikwa. Akavuta. Haukutoka.

"Jamani, mimi... mimi siku..." Maneno yakamkauka mdomoni.

Na shimo, kwa upole, kama inavyompasa mnong'onezi kwa mtu aliyesahau, likampa neno, na ukumbi mzima ukasikia: "Kitambaa chake nilikitoa mimi."

"Kitambaa chake," akasema Mwongozaji, midomo inacheza bila ruhusa yake, "nilikitoa mimi."

"Kikombe chake pia."

"Kikombe chake pia."

"Utepe wa mtoto nilimfungua mama yake mkononi akiwa amesinzia, kwa sababu mtu asiyekumbuka kwao haombi kupumzika."

Akalisema lote, neno kwa neno, huku machozi yanamtiririka. Mgeni mmoja wa mbele akaficha uso.

Kisha shimoni kitabu kikafungwa, pa! Kiti kikaburuzwa. Kitu kikainuka na kupita katikati ya viti kuelekea mlangoni, na watu wa pembeni wote wakavuta miguu yao kukipisha, ingawa hapakuwa na cha kuona.

Chiriku akashika kifua. Akatazama safu ya pili. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena.

"Kidoti," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile, na hakuna aliyemnong'oneza. Mtoto akapanda jukwaani mguu mmoja una kiatu na mwingine peku.

Fundi wa taa akaziwasha zote, hata zile za kufagilia. Na Mwongozaji alikuwa bado pale pale amepiga magoti, mkono mmoja umezama shimoni mpaka kwenye kiwiko, hauchomoki ng'o ijapokuwa humo ndani hamkuwa na mtu tena, na mkono wa pili uko juu, mbele ya watu mia tatu, umekishika kiatu chekundu chenye ua la plastiki.