Mke Wangu Alimtaja Bakary

Nilikuwa napima matapishi ya mke wangu kwa kikombe cha plastiki nilipomsikia akimtaja mwanaume mwingine.

"Bakary..."

Kikombe kilikuwa nusu. Nikabaki nimekishika vilevile, nimechuchumaa uani, kalamu sikioni.

"Rudia, tusikie vizuri," mjomba wake akasema huko ndani.

"Bakary... mwenye Noah."

Bakary! Rafiki yangu! Mtu aliyekaa kulia kwangu siku ninaoa!

Najua mnapenda visa vya kufumania, mlango unapigwa teke, shuka linavutwa. Hapa hakuna teke wala shuka. Kuna beseni.

Ngoja niwaeleze kwa mpangilio.

Naitwa Mikidadi, fundi redio na simu. Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa na kuandika kila nilichogusa. Kwetu ni Nachingwea, lakini nimejenga Matambarale, Ruangwa, ukweni kwangu, kama wanaume wengi wa huku. Kwa hiyo kwenye ule ua mimi ni mgeni wa miaka minne. Neno la mwisho ni la mjomba Abdalah, kaka wa mama mkwe wangu.

Mke wangu Amna alianza kutapika mimba ikiwa na wiki sita.

Msidhani ni kile kichefuchefu cha asubuhi, ambacho mtu akinusa ndimu kinapita. Alitapika uji. Akatapika maji. Akatapika nyongo. Mwisho akawa anatapika mate yake mwenyewe!

Nikafanya ninachofanya kwa redio mbovu. Nikafungua daftari. Alichokunywa, alichotapika, amekojoa mara ngapi, mkojo rangi gani.

Siku ya kumi na tisa niliandika hivi: vikombe viwili vimeingia, vitatu vimetoka. Mkojo mara moja. Rangi ya chai kavu.

Na mama mkwe wangu, bi Mwanamvua, alikuwa anafanya nini?

Anakaanga korosho. Chini ya dirisha la mgonjwa!

Mtu wa kusini anaujua ule moshi wa maganda. Mbuzi wenyewe huukimbia.

"Mama, samahani. Moshi unamzidishia. Nisogeze jiko nyuma ya choo?"

"Mkwe, mimi nimezaa saba huku nabangua korosho. Huyu anadeka."

"Hajakojoa tangu asubuhi, mama."

"Heee! Mwanaume anahesabu mikojo! Kaka Abdalah, njoo usikie mkwe tuliyempata!"

Mjomba akaja. Akalitazama daftari langu kama mtu anayetazama kinyesi cha kuku mkekani.

"Kwenu Nachingwea ndivyo mnavyolelewa?"

Wanawake waliokuja kununua korosho wakacheka mpaka wakashika nguzo. Siku hiyo nikapewa jina. Bwana Beseni. Likanifuata hadi gulioni: "Bwana Beseni, leo lita ngapi?"

Nilipita na njia yangu. Upumbavu ukijibiwa hujiona mgeni rasmi.

Mtauliza, zahanati je?

Nilimpeleka mara mbili. Jina la zahanati naliacha. Mhudumu hakutoa macho kwenye simu yake.

"Mimba siyo ugonjwa. Ale kidogo kidogo."

"Sista, hata maji hayakai."

"Basi anyonye ndimu."

"Nimeandika kila kitu humu, ukitazama..."

"Kwani wewe ndiye daktari?"

Akatupa vidonge vya kumeza. Mtu anatapika mate, anapewa vidonge vya kumeza, halafu anaambiwa hajitahidi! Mimi huwa sipendi kumhukumu mtu haraka. Yule nilimpa siku mbili nzima, na hukumu ikawa ileile.

Mara ya pili, wakati wa kurudi, Amna alizimia juu ya pikipiki. Nilimdaka kwa mkono mmoja. Kuanzia hapo hakuna bodaboda aliyekubali kumbeba.

Gari lilibaki moja. Noah ya Bakary.

"Mwamba, mimi ningewapeleka hata sasa hivi," Bakary aliniambia. "Ila mjomba wenu kapiga marufuku. Nikimtoa mgonjwa kwenye ua wa watu bila ruhusa, sitaishi hapa."

Marufuku ya nini?

Sikilizeni sasa. Ukoo wa kina Amna una mila yake. Mimba ikimtesa mwanamke kupita kawaida, wanasema imechanganywa, kwamba yuko mwanaume wa pili. Mpaka amtaje, haguswi na dawa ya mtu yeyote.

Wakamkalisha siku tatu. Mtu asiyeweza kushika kijiko!

"Taja, mwanangu, upone."

"Sina wa kumtaja, mama."

"Basi endelea kutapika."

Mama mzazi huyo. Sijaongeza neno.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ndipo akamtaja Bakary. Na mimi niko uani na kikombe.

Mjomba akatoka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia kwa masikio yako, Bwana Beseni? Ulikuwa unapima matapishi ya mimba ya mwenzio."

Damu ilinipanda mpaka machoni. Kisha nikaandika: saa nne, nusu kikombe, rangi ya kijani.

Halafu nikaingia chumbani, nikatoa daftari langu la kazi. Mimi kabla sijasema redio imekufa, huwa napima kwanza.

Mimba ina wiki tisa. Nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. "Redio ya Noah, Bakary. Gari liko gereji Masasi, mwenyewe yuko nalo." Alikaa Masasi wiki saba akimlinda fundi asimwibie vipuri, na kila jioni ananipigia kulalamika. Aliondoka kabla mimba haijaingia. Aliporudi, Amna alishaanza kutapika.

Hesabu ilikataa!

Amna amejisingizia. Kwa nini mwanamke ajipake tope asilolikanyaga?

Nikajijibu kwamba ni akili imeanza kuondoka. Mke wangu anakufa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, wala si pale alipomtaja.

Bakary akaitwa. Alifika na Noah yake, jasho linamtiririka, ndala moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi.

"Mjomba, wallahi mimi..."

"Nyamaza! Aliyetajwa ndiye mwenye mzigo. Mbebe. Mpeleke unakojua wewe, na usimrudishe hapa mpaka maji yakae tumboni. Akifa, ni maiti yako."

"Lakini mjomba..."

"Mbebe!"

Mama mkwe akatema mate chini. Bakary akaingia ndani, akatoka na Amna mikononi. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Mimi nikafuata nyuma na beseni.

"Na wewe unakwenda wapi?" mjomba akaniuliza.

"Kushika beseni, mjomba."

Walicheka! Ua mzima! "Mwizi anambeba mkewe, yeye anashika beseni!"

Nikapanda. Nikafunga mlango taratibu.

Njiani Bakary alikuwa analia waziwazi.

"Miki, ndugu yangu, nipige tu, ila ujue sijawahi..."

"Endesha, Bakary."

"Nakuapia..."

"Najua. Ulikuwa Masasi. Endesha!"

Tulipomaliza nyumba za mwisho, Amna akafumbua macho.

"Tumeshatoka kijijini?"

"Tumetoka."

"Hakuna anayetufuata?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi. Akatapika. Nikaandika. Kisha akageuza shingo kwa dereva.

"Nisamehe, shemeji. Ningemtaja nani mwingine? Wanaume wote waliobaki wana pikipiki na baiskeli."

Jamani!

Bakary alikanyaga breki katikati ya barabara. Mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Mke wangu hakuwa amepotewa na akili hata chembe. Amekulia kwenye ukoo ule, anajua kwamba ukishataja, mzigo unahama na hakuna mkubwa wa kuuzuia. Wazee wenye ndevu walimfunga kwa kamba ya mila yao, naye, akiwa hawezi kuinua kichwa, akaona walipofungia fundo.

Tukaenda naye hospitali, upande wa Mnero. Hapo tukampata nesi anaitwa Dionisia. Alilichukua daftari langu, akavuta kiti, akasoma. Kurasa zote!

"Uzito wake wa kawaida?"

"Msimu wa ufuta tulipanda mizani ghalani kwa utani, akawa kilo hamsini na nane."

Akampima. Arobaini na tisa.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, sista."

"Umesomea?"

"Hapana. Natengeneza redio."

Hakucheka. Nilisubiri acheke, nilishazoea. Alisema tu, "Umetuokolea muda." Wakapima mkojo. Akatueleza kwa lugha ya kueleweka: mwili umekosa chakula mpaka umeanza kujila wenyewe. "Huu ni ugonjwa na una tiba. Hadeki huyu." Akamgeukia Amna, akamwambia hivyohivyo, usoni. "Hudeki, mama."

Amna aliangua kilio. Wiki tatu hakuwa na machozi, mwili haukuwa na maji ya kulilia.

Wakamwekea vitamini, dripu, sindano ya kuzuia kutapika. Siku ya nne alikunywa kikombe kimoja cha maji. Nikakaa nimetega beseni. Dakika kumi. Nusu saa. Saa nzima!

Nikaandika: yamekaa. Nikapigia mstari mara mbili.

Siku ya tano wakwe wakaja. Mjomba akasimama kando ya kitanda, dripu inadondoka karibu na sikio lake, akatangaza wodi nzima isikie:

"Mnaona? Ametaja, amepona!"

Amna akajiinua kwenye mto.

"Mjomba, nilidanganya. Nilitaka gari."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa.

Mama mkwe akanong'ona, "Anaweweseka. Dawa za hospitali kali."

Wakaondoka vifua mbele. Kijijini wamesimulia kwamba mila yao imeponya mtu! Zamani ningebishana. Sasa nimeelewa kwamba kuna vichwa ambavyo ukivifungua kama redio, utakuta buibui tu.

Amna leo ana miezi mitano. Bado anatapika, mara moja au mbili kwa siku, anakunywa dawa zake, anarudi kupimwa. Jiko la korosho nililihamishia nyuma ya choo kwa mikono yangu, bila kuomba ruhusa. Mama mkwe alifoka siku mbili, akachoka.

Ila sikuandika haya ili mnipongeze.

Jirani yetu Sabaha ana mimba ya wiki saba. Tangu Jumatatu hakuna maji yaliyokaa. Wajomba zake wametangaza kumkalisha kesho asubuhi. Ataje.

Mchana huu mama yake alipita kwangu, kanga ameivuta mpaka puani asionekane.

"Bwana Beseni... lile daftari linaandikwaje?"

Mara ya kwanza nalisikia jina lile bila kicheko.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mjamzito ambaye maji hayakai, mkojo umekuwa mweusi, uzito unashuka, usimuulize amelala na nani. Muulize amekojoa lini. Andika. Mpeleke. Ukijibiwa kwamba mimba siyo ugonjwa, mpeleke kwingine, na daftari lako mkononi. Asisubiri kuvunja heshima yake ndipo apate usafiri.

Bakary nimeshamwambia. Kwanza alinuna.

"Mwamba, na huyo akinitaja, nauza gari nanunua baiskeli."

Lakini Noah ameiegesha mlangoni kwangu, imeelekea barabarani. Tunataka kumtoa Sabaha alfajiri, kabla wajomba hawajakaa.

Hapa napiga mistari kwenye daftari jipya, la Sabaha. Nimefika ukurasa wa tisa. Adhana ya magharibi hiyo inalia, na Amna ananiita nimshikie beseni.

Kurasa zilizobaki nitazipigia mistari kesho, garini.